Kipindi cha Kumi na Tatu

Programu mpya ilikuwa na swali moja
kabla ya kuniruhusu nihesabu hata ndoo:
Mwaka wenu unaanza lini?

Nje, upepo wa Julai ulisukuma vumbi la Hombolo
chini ya mlango wa chama chetu cha wakulima wa zabibu.
Vumbi kwenye mizani. Vumbi kwenye kibodi.

Mama angejibu: siku ya kupogoa,
mkasi ukiwa bado na machozi ya mzabibu.
Baba, mtu wa uwele, angesema mvua ya kwanza ikishika;
isiposhika mwaka haujaanza, tusidanganyane.
Mwenyekiti Sailowa: siku kiwanda kikilipa.
Kwa kalenda yake, ipo miaka tumeiruka mizimamizima.

Lakini kisanduku kinataka siku na mwezi, hakitaki hadithi.
Nikaandika: moja, Julai.
Ikashukuru. Ikaukata mwaka vipande kumi na viwili
kama mchinjaji anayejua viungo vilipo,
kila kipande na kufuli lake,
kijani ni wazi, kijivu ni basi.
Na chini kabisa, peke yake, cha kumi na tatu,
kisicho na jua wala mwezi:
kinaanza Juni thelathini, kinaisha Juni thelathini.
“Hicho ni cha marekebisho,” fundi aliniambia kwa simu toka mjini,
“usikizoee.”

Wiki nzima nilihamisha daftari la mwaka uliokwisha.
Machi, kipindi cha tisa, ndiyo ilikuwa nzito, mavuno yote.
Nikafunga kimoja kimoja, kijivu, kijivu, kijivu,
nikajiona mtu safi.

Alhamisi akaingia mama Nhonya.
“Mbukwa.”
“Mbukwa.”
Hakuketi. Akafungua pindo la kanga,
akatoa risiti iliyokwisha kufuliwa, laini kama kitambaa:
Machi kumi na tisa, kilo mia nne kumi na mbili,
Mbijima Ndulani,
na sahihi yangu mimi.
“Ilikuwa kwenye shati. Tulikuwa tunagawa nguo zake.”

Nikaingiza. Skrini ikawa nyekundu.
Sikumsomea, lakini rangi aliiona.
“Inasemaje?”
“Inasema Machi imekwisha.”
Akacheka, kwa puani tu. “Hilo si tunalijua.”

Nikalitafuta daftari la kaboni.
Ukurasa wa nakala haukuwepo; ulibaki ukingo wenye meno.
Machi ile tulikuwa na foleni hadi barabarani,
na mimi hung'oa karatasi yoyote iliyo karibu
nikifunga karanga.

Mwaka ukiisha, mapato hurudi sifuri,
matumizi hurudi sifuri,
kama madumu yaliyosuuzwa yakaanikwa.
Deni halisuuzwi.
Deni huvuka na jina lake, hata mwenye jina asipovuka.

Nikafungua cha kumi na tatu.
Kikaomba nywila, kisha kikaomba sababu,
isiyozidi herufi sitini.
Nikaandika: Mkulima amefariki. Nikafuta,
maana kufa kwake hakukuchelewesha kitu.
Nikaandika: Uzembe wa karani.
Nikaitazama hiyo muda mrefu. Nikafuta.
Mwisho nikaandika
Risiti ilikuwa mfukoni
na programu, isiyojua mfuko wa nani,
ikakubali, ikaniambia zimebaki herufi thelathini na nane.
Sikuzijaza.
Mkaguzi akija Septemba, atazikuta wazi.

Mama Nhonya alikuwa anafunga tena pindo la kanga
ingawa sasa halikuwa na kitu ndani.
“Kwa hiyo nitalipwa lini?”
“Mwaka huu,” nikasema.

Akafika mlangoni, upepo ukamjaza kanga,
akageuka.
“Mwaka wa nani?”