Barua Aliyoitafsiri Mwenyewe

Kila Jumanne nabeba sanduku langu la plastiki
toka shule hadi shule, tatu kwa siku moja:
vigae vya mbao, vioo vidogo, kamba yenye mafundo,
kitabu cha mafumbo kilichovunjika mgongo.
Wausau saa moja asubuhi bado ni usiku.
Barafu imeng'ang'ania kioo cha gari,
naikwangua kwa kadi ya maktaba
maana kikwangulio nimekisahau shule ya pili, tangu Novemba.

Ofisini mimi ni Mratibu wa Wenye Vipaji.
Kwa watoto mimi ni Bi Halvorsen wa Sanduku.
Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya mashine ya kunakili,
hadi leo kinanuka wino,
na humo huja saba, na penseli zilizotafunwa,
na maswali yasiyobisha hodi:
nani alikubali dakika ziwe sitini?
sifuri ikigawanywa, nani anabaki na njaa?
Mmoja hulia akikosa jibu moja tu.
Kwao kosa halijawahi kupewa kiti.

Wa nane hakuja.

Pakou Vang, darasa la nne.
Jina lake lilikuwa juu kabisa ya orodha,
juu ya mtoto wa daktari, juu ya mtoto wa diwani.
Barua nilituma mara tatu.
Mara tatu ukimya, na fomu bila sahihi.

Basi nikaenda.
Mlangoni jozi kumi na moja za viatu.
Bibi yake alikuwa dirishani akitarizi konokono wa uzi,
kulia kama kushoto, bila rula, bila kuchora kwanza,
nami nikafikiria vioo vyangu vya dukani, nikaona haya.
Pakou akasimama katikati yetu, mkalimani.
Nilieleza yote: mtihani, chumba, saa nne ya Jumanne,
maneno yangu yakapita mia.
Yeye akasema manne.
Mama akaitikia kwa huruma kubwa,
akaniletea supu.

Mwenye macho haambiwi tazama.
Mimi niliambiwa, na binamu yake, jikoni,
kwa kicheko alichokificha kwenye taulo:
"Amewaambia umekuja kwa ajili ya chawa."

Na barua?
"Zote tatu. Chawa."

Alinisindikiza hadi kwenye gari bila kofia.
Sikumuuliza. Niliwasha injini nikangoja,
kazi hii imenifunza hilo, kama haikunifunza lingine.
"Jumanne saa nne," akasema,
"Tou huenda kwa mwalimu wa kusema.
Mdogo wangu. Ana kigugumizi.
Mwalimu humalizia neno kabla yake,
na likishamaliziwa analiacha, halitaki tena.
Mimi huenda naye. Mimi najua pa kungoja."

Nina fomu yenye kurasa sita.
Inauliza hesabu, inauliza msamiati,
inauliza kama mtoto ana ucheshi, ndiyo au hapana.
Nilikaa garini naye akiwa amekwisha ingia ndani,
nikaifungua ukurasa kwa ukurasa,
nikitafuta pa kuandika *pa kungoja*.
Pembezoni tu ndipo palikuwa na nafasi.

Kuhamishia Alhamisi kulinigharimu wiki mbili
na ugomvi na mwalimu wa filimbi,
ambaye hadi sasa hanisalimii.
Nikarudi. Viatu tisa safari hii, supu ileile.
Nikasema tena yote, polepole,
na Pakou akatafsiri yote,
nilimhesabu, pumzi kwa pumzi,
masikio yamemwiva.
Mama alisikiliza akikata vitunguu.
Hakuonekana kushangaa.
Akafuta kisu, akatia sahihi,
akasema jambo fupi bila kuinua macho,
na bibi dirishani akacheka mpaka uzi ukamponyoka.

"Amesemaje?" nikauliza.

Pakou akatazama sakafu.
"Anauliza kama na chawa wamealikwa."