Inabana, Inapwaya

Bibi yangu Ok-bun hakuwahi kuuliza
kama kitu kiko juu au kiko ndani.
Aliuliza: kimebana?

Jikoni kwake Gunsan, ghorofa ya nne,
dirisha likitazama ghala la mchele lililofungwa zamani,
alinifunza kitenzi kimoja: kkida.
Kifuniko cha kalamu, ukikishindilia mpaka kilie ta!
Kifungo tunduni. Kaseti ndani ya redio.
Kidole changu, siku mlango wa basi ulipokidaka:
hicho nacho, alisema huku akikipuliza,
kkida.

Tofaa bakulini lina neno jingine.
Tofaa lina nafasi ya kujigeuza,
na chenye nafasi ya kujigeuza, kwake bibi,
bado hakijafika.

Mama alikuja kutoka Groningen
na visanduku vitatu kichwani.
Kikombe mezani: op. Meza imekibeba.
Koti kiangoni: aan. Linaning'inia, litaanguka likiachwa.
Pete kidoleni: om. Imezunguka
kama ua unavyozunguka bustani,
haidhuru ua umebana au umelegea.

Miaka kumi na mmoja alikosea.
Alisema koti amelishindilia kiangoni,
na bibi akacheka hadi akashika sinki:
"Maskini koti! Litapumulia wapi?"
Mama akacheka pia, kwa kuchelewa kidogo,
kama mtu anayengoja mzigo wake
kwenye stesheni ngeni.

Mimi nilikosea kotekote.
Kwa bibi, kofia ina kitenzi chake cha kuvaa,
viatu chake, shati chake,
utadhani kichwa, miguu na kiwiliwili
ni majirani wasiosalimiana.
Kwa mama, vyote huvaliwa kwa neno moja,
nami nikamuuliza siku moja
unajuaje, basi, umevaa nini?
Akasema: najitazama.

Halafu babu Deok-su akafariki, mwezi wa pili,
na bibi akaanza kukonda kuanzia vidoleni.
Pete iliyobana miaka arobaini na tisa
ikapwaya.
Alikuwa akiosha mchele. Ikateleza,
ikazama kwenye yale maji meupe,
na yeye akaendelea kuosha.
Mama ndiye aliyetia mkono, akaitoa.

Bibi aliifuta. Aliipima kidoleni, ikazunguka yenyewe.
Kisha akaitupia kwenye bakuli la vifungo
na kusema alichofanya, polepole,
kwa kile kitenzi cha tofaa.

Hakuna aliyekula vizuri usiku ule.

Asubuhi nilimkuta mama mezani, miwani puani,
ana pete na uzi mwekundu wa kushonea.
Anazungusha. Om, ananong'ona, om, om,
kwa lugha yake, peke yake,
uzi juu ya uzi upande wa chini wa pete,
hadi tundu likapungua.
Bibi alipoamka, mama hakumwomba ruhusa.
Aliushika ule mkono wenye mishipa ya buluu,
akaisukuma pete. Ikakwama kwenye kifundo.
Akaisukuma tena.

"Kkida," mama akasema.

Bibi akautazama mkono wake,
akaukunja, akaukunjua,
kisha akamsahihisha mama
matamshi tu.