Salamu Kila Sekunde Kumi

Saa kumi na moja alfajiri, Chikongola bado imelala.
Nimekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
simu mkononi, chaji asilimia kumi na tisa,
na programu inanipa habari yangu: leo una kadi themanini na nne.
Jana zilikuwa sitini. Sikuzifungua.
Swichi ya ghalani ilizima, mnada wa korosho ukasimama,
makarani wakanipigia kana kwamba umeme ni mimi.
Kadi hazijui habari za mnada.
Deni likilala, huamka na wana.

Ya kwanza: salamu hutumwa kila sekunde kumi;
jirani akinyamaza kwa sekunde ngapi
ruta humhesabu amekufa?
Arobaini. Hiyo naijua, nimeipata mara sita,
sasa inaniaga kwa wiki tatu.
Ya pili: njia uliyoletewa na BGP ya nje,
na ile ya ndani, namba zake za kuaminiwa?
Ishirini, na...
Nilijua. Jumanne nilijua,
nikabonyeza "rahisi" kwa kiburi.
Nabonyeza "nimesahau." Hakuna anayeniona,
ila uso unapata moto.

Nilikulia Tandahimba, mchezo huu si mgeni kwangu.
Korosho haichumwi, huokotwa.
Unafagia chini ya mkorosho, unaondoka,
unarudi siku ya tatu, mgongo umepinda.
Ukiwahi mno unakuta majani matupu
na bibo bichi likikutazama toka juu.
Ukichelewa, mvua imekutangulia, au mwizi, au nguruwe pori.
Mama alikisia tu: "Kesho, ule wa pembeni."
Mara nyingi alikosea, tukarudi na kikapu kitupu, tumenuna.
Lakini mti ulikuwa uleule, na hakuna aliyetuita wajinga
kwa kuurudia.

Usiku Sijaona, binti wa kaka yangu, darasa la tano,
ananishikia simu na kuniuliza.
Anasoma kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:
"Bi, ji, pi. Huyu ni nani, shangazi?"
Ni itifaki, namwambia. Mitandao mikubwa
inaelezana njia za kupita.
"Kama pale Mnazi Mmoja? Huyu Masasi, huyu Lindi?"
Kama pale.
"Na jirani akinyamaza sekunde arobaini, amekufa kweli?"
Kwa ruta, ndiyo.
Akautazama ukuta wa Bi Nachinguru,
ambaye hajatusalimu tangu Mfungo Sita, kwa kesi ya mbuzi,
na ambaye muda uleule alikuwa akikohoa,
mzima, anakaanga dagaa.
Tulicheka mpaka simu ikazima.

Ijumaa nikakwama tena. Ishirini, na...
Sijaona alikuwa amenipa mgongo, anamsuka mwanasesere.
"Mia mbili," akasema, hata hakugeuka.
Hajui ni mia mbili za nini.
Nikaona wivu, wivu wa kweli,
mimi mwenye stashahada,
kwa mtoto mwenye ubuyu ulimini.

Mtihani ni Dar, tarehe tisa. Ada yake
nilianza kuipigia hesabu kwa magunia, nikaacha.
Nauli iko ndani ya kopo la majani ya chai.
Leo kadi ile imerudi, nikaijibu kabla sijafikiri,
kama mkono unaoijua swichi ya taa gizani.
Programu ikaipangia siku ya kurudi:
Oktoba, tarehe ishirini na moja.

Haijui kwamba mtihani utakuwa umeshapita,
nimefaulu ama nimefeli.
Itakuja tu, msimu umeanza, maghala wazi,
vumbi la magunia puani,
itauliza: ishirini, na ngapi?

Nainuka kwenye ndoo. Ng'ambo ya ukuta kuna mlio wa sufuria.
"Umeamkaje, Bi Nachinguru," nasema,
kisha nahesabu kimoyomoyo.
Saba. Nane. Kumi na tano.
Thelathini na moja: kikohozi.

Hakuna kadi inayosema
kikohozi kihesabiwe vipi.