Reli Haiulizi Njia

Mjukuu wangu Yoana ameshuka kutoka Toronto
na viatu vyeupe na ombi moja:
Bibi, nionyeshe Sofia.
Nikacheka. Mimi?
Nimeendesha tramu miaka thelathini na mmoja,
naujua mji huu kama sindano inavyoijua nguo:
naupenya, naupita,
tundu hadi tundu, mshono uleule.

Basi tukatembea. Novemba, saa tatu asubuhi,
matofali ya manjano yameloa, yanateleza kama sabuni.
Nimemshika mkono, au yeye kanishika,
tusibishane.
Msikiti, sinagogi, kanisa, vyote hatua chache baina yao,
kwangu vilikuwa taa mbili na kona ya kupunguza mwendo.
Kumbe msikiti una matofali mekundu.
Kumbe nyuma ya majengo ya serikali, uani, shimoni kidogo,
kuna kanisa la mviringo
kama birika lililosahauliwa jikoni na wenye nyumba waliohama.
Yoana akaingia. Mimi nikabaki nje napiga hesabu:
dakika ngapi kutoka kwenye reli yangu?
Nne. Kwa goti hili, tano.

Penye mabomba ya maji ya moto watu wamepanga foleni na madumu.
Nani huyo kama si Haralampi, kondakta wangu wa zamani,
kofia ileile, meno mapya.
"Zdravka! Leo anaendesha nani?"
"Miguu," nikasema, "na breki zimekwisha."
Akamkingia Yoana maji kwenye kikombe. Yakafukiza.
Mtoto akakunja uso: yana ladha ya msumari.
"Kunywa," akasema Haralampi,
"sisi tumezoea mabaya kuliko hayo."

Kisha lile duka la kuchuchumaa,
dirisha lake usawa wa vifundo vya miguu,
muuzaji anakutazama kutoka chini kama mtu aliye kisimani.
"Kwa nini hawakuweka mlango?"
Mwaka ule kila mtu alitaka kuwa mfanyabiashara, mwanangu,
na wengi hawakuwa na kitu ila ghala la viazi.
Tukachuchumaa. Tukanunua biskuti.
Kupanda mchongoma si kazi;
kuinuka pale, kwa umri wangu, ndiyo ngoma.

Bustani ya Boris nilikaa benchi hadi baridi ikanipanda kiunoni.
Wazee wawili wanagombania farasi wa chesi,
mmoja anadai aliguswa, mwingine anaapa kwa mamaye.
Majani ya mchestinati yanaanguka bila ratiba.
Nilitazama saa mara tatu.
Hakuna aliyekuwa ananisubiri kituoni.

Kesho yake, mlimani.
Tramu hadi mwisho wa reli, kisha basi,
kisha viti vinavyoning'inia kwenye waya,
miguu yangu hewani kama ya mtoto mezani.
Vitosha juu kuna jua, theluji kiganja kimoja,
wapanda mlima wanamenya mayai juu ya mawe.
Chini, mawingu tu. Meupe, mazito, yamefunika kila kitu
kama kifuniko juu ya sufuria.
Yoana akashusha simu yake.
"Bibi, mji haupo."

Upo.
Mkono wangu wa kushoto ukajiinua wenyewe,
ukashika usukani usiokuwepo.
Pale, chini ya lile wingu lenye nundu, Daraja la Simba:
piga kengele, watu wa sokoni hawatazami.
Hapa punguza, kuna shule.
Hapa reli imepinda, gari litalia, usiogope, ndivyo lilivyo.
Soko la Wanawake, harufu ya pilipili za kuchoma
hata ukifunga dirisha.
Alikifuata kidole changu juu ya weupe ule,
kituo kwa kituo, midomo wazi.

Na hapa, nikasema,
hapa ndipo babu yako alipanda bila tiketi.

"Alilipa?"

Bado.