Mkanda wa Kwato

Mume wangu Zahor ameniolea wake wenza thelathini na sita.
Wanalala chumba cha nyuma, kwenye kiyoyozi,
maana ngozi zao haziwezi joto la Mabela.
Sisi wenye ngozi za bure tunalala sebuleni,
feni moja, na bili ya umeme inasomwa kama taarifa ya msiba.

Wamo waliosimama, wamo walioning'inia.
Baragumu la pembe ya choroa, limepasuka mdomo.
Fidla ya Kibulushi, kiuno kama cha nyigu.
Rababa ya debe la samli, kazi ya mlinzi wa shule kule Ibri
aliyeiuza kwa riali moja na chupa ya chai.
Filimbi ya mtutu wa bunduki.
Na kimoja hakina jina. Zahor amekibandika kikaratasi:
"Bado."

Ijumaa, baada ya sala na wali, anajifungia nao
anaweka roki.
Magitaa yanalia kama bati linaloburutwa barabarani,
mtu anapiga ukelele utadhani kabanwa kidole mlangoni,
na Zahor, karani mstaafu wa idara ya maji,
kanzu imenyooshwa pasi hadi inakata,
anatikisa kichwa mpaka kofia inaanguka.
Jirani yetu Thureya aliniuliza mara moja tu:
"Mnabomoa?"
Nikamwambia, "Tunajenga."

Mwezi wa Juni alikwenda Suri.
Akarudi usiku, gari linanuka zizi.
Akafungua gunia la mchele: mkanda mpana wa kitambaa,
kwato za mbuzi mia nne na ushei, zimeshonwa safu kwa safu.
"Manjuri," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyepata mtoto uzeeni.
Ulikuwa wa marehemu Farajala, aliyeuvaa kwenye ngoma ya tanbura
mpaka magoti yalipomkatalia. Mwanawe anauza matairi,
hata bei hakubishana.

Zahor akaufunga. Akajitikisa.
Kwato zikalia kama kokoto zinazomwagwa kwa huruma.
Akajaribu tena. Mgongo ukamshika.
Siku tatu nikamkanda kwa mafuta ya habasoda
bila kusema neno; mbavu zangu, kwa kicheko nilichokimeza,
ziliuma kuliko mgongo wake.

Jumanne akaenda kliniki.
Nikaingia mle kupangusa vumbi. Naapa, vumbi tu.
Santuri ilikuwa palepale alipoiacha.
Nikashusha sindano, nijue anapenda nini.

Mwanzo sikuelewa.
Kisha ngoma ikaingia chini ya gitaa,
nzito, inayorudi pale pale, na nikaitambua.
Ileile, ee, ileile ya shangazi zangu
walipofunda bibi harusi, mlango kwa komeo, leso zimekazwa:
"Usitikise, mwanangu. Saga."
Walitoka nayo Ng'ambo ndani ya mifupa,
na forodhani hakuna aliyeiona.

Nikaufunga mkanda. Mzito, kama mtoto aliyelala.
Sikutikisa.
Kwato mia nne zikaitika kwa mkupuo mmoja,
mbuzi wote wa Suri wanashuka jabali,
na gitaa linapita juu yao halikanyagi hata mmoja.
Ukutani nyuzi zikaanza kuvuma zenyewe.
Hata yule wa "Bado"
alisema kitu.

Nina miaka sitini na mbili, nina sukari, nina wajukuu tisa.
Nikageuza santuri upande wa pili.

Aliporudi nimeketi sebuleni, nachambua mchele.
Akaenda kwa wenzangu. Akatoka na ukwato mmoja kiganjani.
"Umeanguka. Uzi umekatika."
"Labda paka."
"Hatuna paka."
"Basi nunua."

Akanitazama usoni, akashuka mpaka kiunoni, akapanda tena.
Hakuniuliza.
Usiku, mara ya kwanza tangu mwaka juzi,
aliburuta godoro letu hadi chumba cha kiyoyozi.