Hesabu ya Usiku

Asubuhi mama hasalimii. Anatoa taarifa:
"Sikupata hata lepe."
Anasema huku anapepeta uwele,
kidole kikisaka mchanga ambao sisi wengine
tunaukuta menoni.

Hata lepe. Na ushahidi anao:
treni ya mizigo ilipita saa nane, ikapumua Bahi,
mbwa wa Chilewa alibweka mara tatu, ya nne akaikatiza,
upepo ukaburuta debe tupu uani
hadi zizini kwa mbuzi, ukalitelekeza.

Basi nikaamua kukesha naye. Wiki nzima,
mkeka kando ya kitanda chake, tochi,
daftari la mwanangu la hesabu.
Saa tatu na robo: anakoroma.
Saa tano: anakoroma.
Saa nane: treni. Anageuka, anamwita ng'ombe
aliyekufa mimi sijazaliwa,
anakoroma.

Hospitalini Dodoma kijana mmoja mpole
alimvisha mkononi saa isiyosema saa.
Baada ya siku saba akaisoma:
"Bibi, unalala kunishinda mimi."
Mama akaikazia macho ile saa
kama shahidi wa kununuliwa.
"Labda yenyewe ndiyo iliyolala."

Kisha akapewa maneno matatu ayatunze:
jembe, zabibu, daraja.
Wakaongea habari za mvua, mvua isiyokuja.
Akaulizwa.
"Jembe," akasema. "Zabibu."
Halafu akanitazama
kama jirani aliyekuja kuazima chumvi.

Sikumwazima. Kijana alikuwa anaandika.

Tulipokuwa njiani kurudi, karibu na Kigwe,
basi likivuka korongo kavu,
akanishika kiganja, akaninong'oneza:
"Daraja."
Hakuna aliyeliandika hilo popote.

Jana nilikuwa macho hadi alfajiri. Ningeapa.
Nikampelekea chai, nikamwambia,
leo, mama, tumekesha wote.
Akacheka mpaka ungo ukamwaga uwele.
"Umekoroma wewe, Nyemo.
Treni zimepita mbili."

Nikafungua daftari.
Baada ya saa tano hapana neno,
ila mstari mmoja wa kalamu iliyoteleza,
ukashuka, ukapinda, ukaishia pembeni mwa ukurasa
kama njia ya mbuzi
waendao kisimani bila mchungaji.