Mgeni Bila Jembe

Niliichukua Digo Road kwa mkopo wa chama,
ikafika Kisauni ndani ya kikapu cha mama mkwe
imeviringwa leso kama mtoto wa arubaini.
Leso imeandikwa KIPYA KINYEMI;
nusu ya pili ya methali imekunjwa kwa ndani.

Banda langu: viti sita vya plastiki, feni moja,
mashine mbili kuukuu, padi zao zimelika na vidole
hata ukishika wajua nani alikaa kabla yako.
Nikapaka ukuta chokaa, nikaandika bei:
mechi moja thelathini. Kwa zile za zamani, kumi.

Ijumaa baada ya sala mlango haukutosha.
Waliona jasho shingoni mwa golikipa,
wavu ukitikisika uzi kwa uzi.
"Haivumi hata," akasema Chivatsi,
sikio kaliweka ubavuni mwake kama daktari.

Kisha Nyevu, miaka kumi na mmoja, hesabu kali:
"Sawa. Ina mchezo gani?"
"Mpira."
"Ule ule?"
"Ule ule, lakini—"
"Na wa magari?"
"Upo."
"Ule ule?"
Nikageuka kurekebisha waya usio na kasoro.

Jumamosi walikuja wanne, wakaonja, wakarudi kwa kumi zao.
Jumapili ikawa siku ya tatu, mgeni hupewa jembe,
nami nalitafuta jembe lenyewe ndani ya boksi,
chini ya maboya, nyuma ya kijitabu
cha lugha kumi na nne, yangu haimo.
Hamna. Waliomtuma walidhani
sura nzuri yatosha kulima.

Nikampigia mwenye duka.
"Vuta subira, yakhe. Michezo yake mwenyewe yaja mwakani."
Mwakani! Na chama hukutana kila Alhamisi.

Mama mkwe yuko pale mlangoni na viazi vyake,
hakuinua hata kichwa:
"Mwaka jana nilinunua karai mpya, yang'aa.
Niambie nani alikuja kununua karai.
Waja kwa ukwaju wangu, mwanangu,
na ukwaju huo Kisauni nzima hawaupati kwingine."

Jumatatu nikakuta mwandiko wa Bwanaheri
kwa makaa, juu ya chokaa yangu mpya:

*Sura yako tumeona, mgeni mwenye mapambo,*
*Hatukukatai bwana, twakupigia mgambo,*
*Lakini twaulizana, tuambie lako jambo:*
*Jembe lako lipo wapi, ama walima kwa wimbo?*

Nilitaka kumchapa. Nikasoma tena.

Usiku nikawasha ile mashine kuukuu ya kushoto.
Humo mna Ligi ya Mwandoni, misimu mitatu,
wachezaji waliowaumba wenyewe:
Chivatsi ana ndevu ambazo hajazipata,
Bwanaheri mrefu kuliko mlingoti,
na jezi saba, nywele za dhahabu, ni Tsofa,
kaka yake Nyevu, ambaye sasa analinda jengo Doha
na simu yake hupigwa mara moja kwa mwezi.
Kiwanda gani kitaniuzia mchezo huo?

Nikaunga waya, mpya na ya zamani. Saa mbili na nusu.
Umeme ukapepesa mara moja, nikashika roho.

Jumanne Nyevu akaja na sare za shule.
Jina lilikuwa limekatwa mkia: TSOF.
Dhahabu imepotea njiani, nywele nyeusi tii.
Akasogea hadi pumzi ikaandika kwenye kioo.
"Huyu si yeye."
Feni ikazunguka. Sikuwa na la kujibu.
Akachukua padi mpya, ngumu, haijamjua mtu,
akamkimbiza pembeni mwa uwanja, kushoto, kushoto tena.
"Lakini akikimbia," akasema polepole, "ni yeye."

Akatoa kumi.
Bei ukutani ni thelathini.
Nikapokea.